Samaki wa Risasi Katika Jiko la Wasini



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, kuunga udugu ni wajibu ambao sisi wakaazi wa mjini huuahirisha kwa visingizio vingi, nami ni katika hao. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliolewa kisiwani Wasini miaka mitano iliyopita. Kila aliponipigia simu nilimjibu, "Nitakuja, inshallah," mpaka neno hilo tukufu likawa kinywani mwangu kama njia ya kukataa kwa adabu. Mwezi wa Januari alinipigia tena. Aliniambia kuwa ana mimba ya miezi sita, na kwamba ana jambo la kuniuliza ambalo hawezi kuliuliza kwa simu. Nilifunga mkoba wangu, nikaomba ruhusa madrasani, nikashika njia.

Nilivuka feri ya Likoni baada ya swala ya alfajiri, wakati taa za mjini zilikuwa bado zinamemeteka juu ya maji. Matatu ya Lungalunga ilitupitisha Ukunda na Msambweni, katikati ya minazi na miembe, hadi Ramisi, mahali ambapo kiwanda cha sukari kilichofungwa miaka ya 1980 bado kinakumbukwa na wazee kama ndugu aliyefariki. Mbele kidogo njia ya Shimoni huchepuka kushoto, na baada ya safari ya yapata kilomita 15 msafiri huiona bahari. Mji huo umepewa jina lake na mapango yaliyo karibu na ufuo, ambayo wenyeji husimulia kuwa ndimo watumwa walimofungwa wakingojea vyombo. Leo gatini pale hupanda wageni wanaokwenda kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite, na wengine wanaokwenda kuvua samaki wakubwa katika mkondo wa Pemba.

Upepo wa kaskazi ulikuwa mwanana na bahari imetulia. Mashua ilituvusha kwa muda usiozidi robo saa.

Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Hakina gari wala honi, na mgeni atokaye Mombasa husikia masikio yake yakipumzika. Vichochoro vyake hupita kati ya nyumba za mawe na mimea ya uani, na wazee wake huzungumza Kivumba, lahaja ambayo sisi wa Mvita huifahamu nusu kwa masikio na nusu kwa kubahatisha. Nyuma ya kijiji pana bustani ya matumbawe ya kale, yaliyosimama nje ya maji kama magofu, na juu yake akina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao wanayowatembeza wageni kwa ada ndogo. Mapato yake husaidia nyumba zao na masomo ya watoto. Niliipita njia ile nikamshukuru Mola kwa wanawake wasioketi kungoja kuletewa.

Jambo moja la Wasini lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililoyapa uzito yaliyofuata. Kisiwa hakina mto. Kwa vizazi vingi watu wake wamekinga maji ya mvua: mvua hunyesha juu ya dari na mapaa, ikateremka kwa mifereji, ikaingia katika jabia, na kutoka jabiani ndiyo hunywewa, ndiyo hupikiwa, ndiyo hutawadhiwa. Kwa hivyo chochote kinachotua juu ya paa, au kinachomwagwa karibu na mdomo wa jabia, ni kama kimewekwa katika kikombe cha wenye nyumba.

Mpwa wangu alinipokea kwa machozi ya furaha. Mumewe, ambaye nitamwita mkwe wangu bila ya kumtaja jina kwa ajili ya sitara, alinibusu mkono na kunikalisha barazani. Mamake, Bi Mkubwa wa nyumba ile, aliniletea maji ya ndimu. Mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa miaka mitatu, alinitazama kwa mbali, kisha akaja kuichezea kofia yangu.

Jioni ile mkwe wangu alinionyesha kazi yake. Yeye ni mvuvi mwana wa mvuvi, lakini pamoja na uvuvi ana ufundi alioupokea kwa babake, nao ni kusubu risasi. Wasomaji walio mbali na bahari wajue kuwa mshipi wenye ndoana hauzami wenyewe. Mkondo huubeba ukaelea kama uzi, na chambo hakifiki waliko samaki. Ndipo mvuvi hufunga chubwi, yaani kipande cha risasi, ili kiuvute mshipi chini. Risasi hupendwa kwa sababu ujazo wake mdogo una uzito mwingi: ni nzito zaidi ya mara 11 kuliko maji, ilhali chuma hakifiki mara 8.

Hata hivyo, alichonitolea mkwe wangu kutoka katika kitambaa hakikuwa chubwi ya kawaida. Kilikuwa ni samaki mdogo wa risasi, urefu wa kiganja, mwembamba kwenye mkia na mnene kidogo tumboni, mwenye pete ya waya kichwani na nyingine mkiani. Manahodha wa Shimoni hukiita jigi. Chombo hiki hakihitaji chambo. Mvuvi hukiteremsha kwenye kilindi, kisha hukishtua juu kwa mkono na kukiachia, hukishtua na kukiachia, nacho hucheza majini kama dagaa aliyejeruhiwa. Kolekole akikiona hajizuii, na vivyo hivyo nguru, jodari na chewa. Katika mkondo wa Pemba, ambao una kina cha mamia ya mita na maji yendayo kasi, jigi huhitaji uzito wa gramu 200 au 300 ili lifike chini kabla ya kuchukuliwa na mkondo.

"Mjomba," aliniambia, "ya dukani hutoka ng'ambo, na bei ya moja yaweza kununua unga wa wiki nzima. Ikinasa mwambani imekwenda. Manahodha wameniambia, 'Tutengenezee wewe.' Tangu kaskazi ianze sipumziki."

Nilimpongeza kwa dhati. Kijana aliyekaa kisiwani, akatazama kitu cha madukani, akakitengeneza kwa mikono yake na kulisha watu wake, huyo ni wa kuombewa baraka. Nikamwomba anionyeshe afanyavyo, naye akaniahidi asubuhi.

Tuliporudi kutoka msikitini, baada ya nyiradi, nilimfuata uani. Jiko la nyumba ile ni kibanda cha makuti kilicho wazi upande mmoja, na mdomo wa jabia uko hatua nne kutoka hapo. Palikuwa na jiko la makaa, na juu yake sufuria ya alumini iliyopigika tumbo. Kando palikuwa na gunia la vipande vidogo vya kusawazisha magurudumu ya magari, ambavyo huvikusanya katika gereji za Ukunda. Alivichambua kimoja kimoja kwa kuvikwaruza kwa kisu. Kilicholegea na kuacha alama yenye kung'aa ni risasi; kilicho kigumu huenda kikawa chuma au zinki, nacho alikiweka mbali, kwa sababu zinki ikichanganyika na risasi huharibu kazi.

Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327, joto ambalo makaa ya kawaida hulifikia bila taabu. Vipande vilikaa kimya kwa muda, kisha vikalainika na kulala kama watu waliozidiwa na usingizi, na mara sufuria ikawa na ziwa dogo jeupe lenye kumeta. Juu yake pakafanya utando wa kijivu na vibanio vya chuma vilivyoelea. Mkwe wangu aliuengua utando ule kwa upawa, akaukung'uta chini, karibu na ukuta wa jabia.

Kalibu yake ndiyo iliyonistaajabisha zaidi. Ni mfupa wa dome, ule mweupe na mwepesi ambao watoto huuokota ufuoni. Huchukua mifupa miwili, akaisugua juu ya jiwe mpaka ikawa bapa, akakandamiza kati yake samaki aliyechongwa kwa mti, akauacha umbo lake nusu huku na nusu huku. Kisha hulaza waya wa chuma kisichoshika kutu katikati, akachonga mfereji wa kumiminia, akazifunga nusu mbili pamoja. Nilipouliza mbona aianika mifupa ile juani siku nyingi, alinionyesha kovu kwenye kifundo cha mkono. Tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa kishindo na kuirusha risasi usoni mwa mtu.

Alimimina, tukangoja, akafungua. Samaki alitoka akiwa na mistari myembamba ya ule mfupa ubavuni, kama magamba aliyoyachora Muumba mwenyewe. Nilisema subhanallah, na sikulisema kwa adabu tu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kupiga tupa na kupaka rangi. Mkwe wangu aliketi kwenye mkeka wa jikoni akipiga tupa kingo za samaki, na vumbi la kijivu likaanguka juu ya mkeka. Mpwa wangu aliketi upande wa pili akiwapaka samaki waliokwisha kupoa rangi ya kucha: nyekundu kichwani, ya fedha tumboni. Rangi hiyo, ambayo katika nyumba nyingi huzua masuala ya udhu, hapa ilikuwa imepata kazi isiyo na ikhtilafu. Nilicheka moyoni.

Kicheko hicho hakikudumu. Yule mjukuu alikuja mbio, akaokota samaki mmoja asiyepakwa rangi, akamtia mdomoni.

Mamake alimnyang'anya, akamfuta mdomo kwa ncha ya leso yake, kisha akaniinamishia uso. "Mjomba," alisema kwa sauti ya chini, "hili ndilo lililonifanya nikuite. Kliniki mkunga aliniuliza kwetu hufanywa kazi gani. Nilipomweleza, aliacha kuandika. Akaniambia risasi isiyeyushwe karibu nami wala karibu na mtoto. Mume wangu asema ni rizki yetu ya halali na wazee wake waliifanya. Sitaki kumvunjia heshima. Lakini nikisema kazi hii isifanywe tena jikoni mwangu, nitakuwa nimemuasi?"

Mkwe wangu aliiweka tupa chini. "Mjomba, marehemu baba alisubu chubwi papa hapa, tena alifariki mzee wa miaka 80. Sote tulilelewa na jiko hili. Ikiwa ni sumu, mbona tuko hai?"

Wote wawili walinitazama. Nami, ambaye nimekaa miaka mingi kwenye viti vya kujibia masuala, sikupata neno. Sikukosa dalili. Nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nikipenda kwenda kuvua siku za likizo, nilivunja betri kuukuu ya gari nikayeyusha risasi yake kwa ajili ya chubwi. Niliifanya kazi ile jikoni mwa mke wangu, katika sufuria aliyokuwa akichemshia maziwa. Mke wangu alilalamika juu ya harufu. Nikamwambia afungue dirisha. Kifungua mimba wetu alikuwa akitambaa sakafuni. Nilirudia mara nyingi, msimu baada ya msimu. Kijana yule alipofika umri wa chuoni alipata taabu kubwa kuhifadhi. Alikuwa akisoma aya asubuhi, na adhuhuri imemtoka. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Mwenyezi Mungu pekee ndiye ajuaye kilichokuwa kikimzuia, na simhukumu leo kwa risasi wala kwa kinginecho. Ninachojua ni kwamba mke wangu alisema, nami sikusikiliza.

Niliwasimulia hayo, na haikuwa rahisi. Kisha niliwaambia niliyoyafahamu, na niliporudi Mombasa nikasoma zaidi na kumuuliza daktari. Nayaweka hapa kwa faida ya kila nyumba ya pwani ambayo ina mvuvi.

Risasi ikiingia mwilini haina faida yoyote humo. Huingia kwa kuvuta vumbi na moshi wake, na huingia kwa kumeza, na mtoto mdogo hufyonza kiasi cha mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima kwa kile kile alichomeza. Kwa mtoto hugusa ubongo ungali unajengeka, ikapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, tena mara nyingi bila ya kumlaza kitandani hata siku moja. Ndiyo maana mkwe wangu aliona watu wazima na akadhani hakuna madhara. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nayo hukaa mifupani kwa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba mifupa huiachilia katika damu, ikamfikia aliye tumboni. Yaani mama aweza kumpa mwanawe leo kile alichokivuta usichanani mwake.

Sisi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kutojua. Upande wa Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kutoa risasi katika betri kuukuu kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu kutoka mwaka 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Bi Phyllis Omido, mwanawe wa kunyonya aliugua na akapatikana na risasi mwilini. Alisimama na wakaazi wenzake mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha hukumu ile, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua.

Na iko habari nyingine iliyo karibu zaidi na jiko la Wasini. Katika kitongoji cha wavuvi cha Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar nchini Senegal, nchi ya Waislamu wenzetu, wahunzi walikuwa wakitoa risasi katika betri na kuisubu iwe vizito vya nyavu. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake walianza kuchimba mchanga wa mahali pale na kuuchekecha ili wauze chembe zake, na vumbi likaingia majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Mama zao walikuwa wakitafuta rizki ya halali, kama sisi.

Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa vizito vidogo vya risasi kwa wavuvi tangu mwaka 1987, kwa sababu mabata maji wakubwa walikuwa wakivimeza na kufa. Ikiwa ndege wa mtoni amewekewa sheria, mtoto wa Wasini hastahiki hata mjadala?

Basi nilimjibu mpwa wangu mbele ya mumewe. Nilimwambia: "Mwanangu, hujamuasi. Utiifu wa mke ni katika wema, na madhara si wema. Mtoto ni amana ya nyinyi wawili, na mwenye amana akiona moto haombi ruhusa ya kupiga kelele." Kisha nikamgeukia mkwe wangu: "Nawe, mwanangu, kazi yako ni halali na mikono yako ina baraka. Lakini wanavyuoni wetu wamekubaliana juu ya kanuni kwamba madhara huondolewa, na kwamba kuyazuia hutangulizwa kabla ya kuvuta manufaa. Uhalali wa kazi haukuhalalishii mahali pa kuifanyia. Jiko ni la chakula. Na jabia si lako peke yako. Mbele ya kuwa na mwenyewe, ina wanywaji."

Alinyamaza. Niliona kuwa lililomuuma lilikuwa kumbukumbu ya babake. Kijana huona kama kwamba kuibadili desturi ya mzee wake ni kumshitaki kaburini.

Aliyeifungua fundo hiyo si mimi. Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa muda wote akipeta mchele, aliuweka ungo chini. "Maalim," alisema, "mimi nilizaa saba katika nyumba hii, na wanne ndio walio hai. Tulisema ni kudura, na kudura ni haki. Sisemi ilikuwa risasi. Watoto wa zamani walikuwa na maradhi mengi. Lakini hakuna mtu aliyepata kutuuliza jikoni mwetu mna nini. Huyu ameulizwa." Akamtazama mwanawe. "Babako alisubu hapa kwa kuwa hakujua. Wewe umeambiwa."

Kisha aliinuka, akaichukua ile sufuria ambayo sasa ilikuwa imepoa, akatafuta msumari na jiwe, akaitoboa ukingoni matundu mawili, moja huku na moja huku. "Tia waya uwe mpini," alimwambia. "Kila atakayeiona ajue kuwa hii haitarudi kupika."

Siku ile ile tuliuhamisha ufundi wote. Mkwe wangu alichagua mahali ufuoni, upande wa magharibi nje ya kijiji, ambako kaskazi na kusi zote mbili huuchukua moshi kuelekea baharini. Mkeka wa jikoni ulioloa vumbi uliondolewa. Sakafu haikufagiwa kwa ufagio mkavu, maana huko ni kulirusha vumbi hewani. Ilipanguswa kwa matambara ya maji yenye sabuni mara tatu, na si kwa mikono ya mjamzito. Mchanga wa kando ya jabia uliokung'utiwa utando ule tuliuchota, tukautia katika mkebe wenye kifuniko.

Mama zangu, ikiwa nyumbani kwenu kuna mwenye kusubu chubwi au jigi, sikuambieni mkate rizki. Nakuambieni mambo machache mwezayo kuyadai bila ya kuona haya.

Kwanza, kazi ifanyike nje, mbali na nyumba, na upepo ukiwa mgongoni mwa fundi. Mtoto na mwanamke mjamzito au mwenye kunyonyesha wasikaribie.

Pili, chombo cha kuyeyushia kiwe chake milele, na bora kiwe karai la chuma kuliko sufuria ya alumini. Alumini nayo huyeyuka, kwa nyuzi 660, na makaa yakipulizwa sana kitako chaweza kuachia na risasi ikamwagikia miguu.

Tatu, betri za magari zisivunjwe kabisa. Ndani yake mna tindikali, na risasi yake huchanganywa na madini mengine yenye sumu. Nililolifanya mimi lisifanywe na mwengine.

Nne, fundi asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, na avae nguo za kazi zisizoingia chumbani. Aoshe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Utando wa kijivu na vumbi la tupa vitiwe mkebeni, visitupwe uani. Na samaki wa risasi wapakwe rangi wote na wawekwe juu, mahali ambapo mkono mdogo haufiki.

Tano, mwenye shaka amwambie daktari wazi kazi inayofanywa nyumbani na aombe mtoto apimwe damu, maana macho hayaioni risasi mwilini. Maziwa, dengu na mboga za majani humsaidia mtoto kufyonza risasi kidogo zaidi, lakini chakula si badala ya kipimo, wala si badala ya kuondoa chanzo.

Nilikaa Wasini siku nne. Siku ya mwisho nilikwenda ufuoni baada ya laasiri nikamkuta mkwe wangu chini ya kivuli cha turubali, sufuria yenye mpini wa waya mbele yake, peke yake na upepo. Alinipa zawadi ya jigi moja lenye kichwa chekundu. Alisema, "Hili limesubiwa huku, Mjomba, si kule." Nilielewa alichokuwa akiniambia.

Wiki iliyofuata mpwa wangu na mumewe walivuka pamoja na mtoto, damu yake ikachukuliwa na kupelekwa kupimwa. Hadi ninapoandika haya majibu hayajarudi. Kila baada ya swala naomba yarudi mema, na naomba pia, ikiwa si mema, yawe yamewahiwa.

Lile jigi sikuliweka nyumbani. Nimemkabidhi mwanangu, yule kifungua mimba, ambaye sasa ni mtu mzima na huenda baharini siku za mapumziko. Nilimweleza lilikotoka, na nilimweleza habari ya sufuria ya maziwa. Nikamwomba radhi kwa neno nililokuwa nikimwita chuoni. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mamake amekwisha kuombwa yake. Basi nilirudi nyumbani nikafanya nililopaswa kulifanya miaka 30 iliyopita.

Mwenyezi Mungu atubarikie rizki zetu na awahifadhi watoto wetu na tusiyoyaona. Amin.

Wabillahi tawfiq.